Mtu Hachimbi Kwake

Jumatano, 3 Juni

Mdogo wangu Kasuku,

Niko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu najua unavyosoma barua: unarukia mwisho kwanza. Sasa rudi juu usome taratibu.

Redio imeshakwambia habari za tetemeko, na huenda imekwambia mengi kuliko niliyoyaona, maana sisi tuliomo ndani tunaona vumbi tu. Lilikuja Jumatatu asubuhi. Nilikuwa karakanani nikipiga randa mlango wa mtu, bati likaniangukia, nikatoka na mkwaruzo wa sikio. Mtaa wetu karibu wote umelala chini. Nyumba yetu nayo imeshuka, ghorofa ya juu imekalia ya chini. Mama hajaonekana. Sikufichi. Ila kutoonekana si kufa, na wewe unamjua Mama, huenda yuko huko chini anamgombeza mtu.

Simu zimekufa, lakini dereva wa lori la msaada amekubali kubeba barua. Anakuja asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo ukiandika nitapata.

Najua utakachouliza, basi nikueleze tunavyofanya kazi. Siku ya kwanza kila mtu alikimbilia kwake akaanza kufukua kwa mikono. Yule jirani yetu fundi viatu alimsikia mwanawe analia, akavuta nondo moja kwa pupa, zege lote likashuka. Hatukumsikia mtoto tena. Jioni ile tuliobaki tulikutana uwanjani tukagawana makundi. Nimepewa kundi la tatu kwa sababu ni seremala, najua kuegemeza kitu kizito kwa nguzo na kabari kisimwangukie mtu. Tukawekeana sheria mbili. Ya kwanza, mtu hachimbi kwake. Unachimba kwa mwenzio na mwenzio anachimba kwako, maana mkono wenye uchungu hauna subira. Ya pili, mtu wako akipatikana amekufa huambiwi palepale. Unaambiwa jioni, kazi ikisimama. Aliyeambiwa huangusha ndoo, mstari wa kupokezana kifusi ukakatika, na huko chini kuna mwingine anayekosa hewa. Sheria zote mbili nilizitoa mimi, watu wakazikubali.

Naibu wangu ni mpishi wa shule. Unamkumbuka, alikuwa akikuweka mwisho wa foleni kwa ajili ya mdomo wako. Sauti yake ndiyo filimbi yetu. Kwetu anachimba Kinyozi, yule wa mtaani kwetu, na watu wake. Jana ndugu yake Kinyozi mwenyewe alipatikana mchana amekufa, nami, nikijua, nilikuwa na Kinyozi kwenye mstari wa ndoo mpaka jioni, akinitania kwamba upara wangu unamnyima riziki. Alipoambiwa hakulia. Alinitazama akasema, "Mchana kutwa ulikuwa unacheka na mimi."

Mungu akulinde. Nisipoandika ujue ni kazi.

Kaka yako,
Fundi


Alhamisi, 4 Juni

Kaka,

Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye mlango wa chumba cha kufulia, mvuke ukinipiga usoni. Wenzangu walidhani macho yananitoka maji kwa ajili ya mvuke, nikawaacha wadhani.

Nimekwenda kituoni kuomba nafasi kwenye lori. Barabara wameifungia raia, wanapita madaktari na wabeba vyakula. Niliwaambia najua kufua, najua kufunga kidonda, najua kubeba. Wameandika jina langu, basi, nikaambiwa nirudi kazini. Kwa hiyo nafua mashuka ya hospitali huku mama yangu yuko chini ya nyumba. Kila shuka ninalokamua naona kama namkamua mtu.

Sasa kaka, nakuuliza kwa heshima, nawe unajua heshima yangu haikai sana. Hii sheria ya mtu hachimbi kwake ni sheria gani? Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kinyozi atamtafuta Mama kwa uchungu gani? Huyu huyu ambaye Mama alimwambia mbele za watu kwamba ananyoa kama mbuzi aliyeingia bustanini? Akichoka atakaa, akisikia njaa atakula. Wewe usingekaa. Wewe usingekula.

Sikuamrishi. Wewe ni mkubwa wangu, na Baba alipokufa ndiwe uliyenisomesha kwa randa yako hiyo. Lakini nalala nikimsikia Mama anaita jina lako, na wewe uko mtaa wa pili unapigia watu wengine kabari.

Nimekutumia glavu za mpira. Ni za kufulia, zitakubana, zivae hivyo hivyo.

Kasuku wako


Jumamosi, 6 Juni

Kasuku,

Jana tumetoa watu wanne sokoni, wote hai! Nakuandikia mkono ukiuma lakini moyo umefunguka kidogo. Walikuwa chini ya ukumbi wa kuuzia vitambaa tangu Jumatatu. Tuliwasikia Jumatano jioni wanagonga bomba, na kuanzia hapo sikutoka shimoni ila kwa kulazimishwa. Nilikuwa nalala kifudifudi naingiza nguzo moja, napiga kabari, nangoja zege litulie, naingiza nyingine. Mwanamke mmoja alikuwa anaongea nami muda wote. Alitaka nimweleze kila kitu ninachofanya, nami nikamweleza kama mwanafunzi wa useremala. Alipotoka aliniambia nimemchosha na habari za mbao. Nilicheka mpaka nikamnyanyua Mpishi juu, na unajua yule si mtu wa kunyanyuliwa.

Glavu zako zimenibana kweli, lakini ngozi imebaki.

Kuhusu kwetu. Kinyozi ananiambia bado wako uani, ukuta ulioangukia huko ni mzito. Nimemuuliza jana na leo, jibu ni hilo. Hanitazami usoni. Nadhani bado ana kinyongo cha ile siku ya ndugu yake, na simlaumu. Wengine nao wamebadilika. Nikifika mahali wanaongea, wananyamaza. Mpishi ananijazia sahani kuliko mtu yeyote, nikimwambia inatosha ananijibu kwa ukali, kisha anageuka anashughulikia sufuria. Labda ndiyo kawaida ya kuongoza watu, wanakuheshimu na kukukimbia kwa pamoja.

Usidhani sina moyo. Nikipita kona ya mtaa wetu shingo inageuka yenyewe. Lakini nikivunja sheria niliyoitoa mimi, kesho kila mtu atarudi kwake na mikono yake mitupu, na hao wanaogonga mabomba hatutawasikia. Jumatatu tunaanza zahanati, inasemekana kuna mtu anasikika. Nikitoka huko nitamwomba Mpishi awaongeze watu wa Kinyozi. Nivumilie.

Kaka yako,
Fundi


Jumapili, 7 Juni

Kaka,

Kama watu wa sokoni wameishi mpaka Ijumaa, basi Mama yuko hai. Sijalala, nimefikiri usiku kucha, na sasa najua alipo.

Yuko chini ya ngazi. Kile kistoo cha mifagio. Umesahau? Radi ikipiga alikuwa anaingia humo na kutuvuta kwa masikio, mimi kushoto wewe kulia, tunanusa sabuni mpaka mvua iishe. Mpaka leo akiogopa huingia humo. Mwaka jana nilipokuja likizo, lori lilipasuka tairi barabarani na nikamkuta humo ameshika fagio. Ngazi ile mliijenga wewe na Baba, mkaongeza nondo mpaka fundi mwashi akawacheka. Nyumba nzima inaweza kulala chini na ngazi ikasimama. Wewe unajua hivyo kuliko mimi.

Kinyozi hajui. Anahangaika uani kwa sababu hajawahi kuingia nyumbani kwetu zaidi ya sebuleni. Ndiyo ubaya wa sheria yenu, kaka. Mnawapa watu kuchimba nyumba wasizozijua, na aliyekulia humo anapiga kabari mtaa wa pili.

Nimesema kwamba sikuamrishi. Leo nakuamrisha. Nenda. Damu nzito kuliko maji. Mtu wa zahanati ana ndugu zake, wakamtoe wao. Ukikaa na sheria yako mpaka Mama apatikane humo amekufa kwa kiu, kucha zimekatika kwa kukwaruza mlango, usiniandikie tena. Nitawaambia watu kwamba nilizaliwa peke yangu.

Dada yako


Jumatatu, 8 Juni

Kaka yangu,

Ile barua ya jana ichane. Kama hujaisoma usiisome, na kama umeisoma sahau.

Leo wameleta majeruhi wenu hapa hospitalini. Nilikuwa napeleka mashuka wodini, nikasikia mwanamke anamwambia muuguzi kwamba yeye ni wa kutoka sokoni, muuza vitambaa. Nikamwambia mimi ni mdogo wake Fundi. Alinishika mkono hakuuachia. Akanisimulia ulivyokuwa unaongea naye gizani, kwamba sasa unaweka nguzo ya kushoto, sasa usisogee mama, sasa utasikia mlio usiogope. Alisema kuna wakati ulinyamaza akadhani umeondoka, akaanza kuomba kufa. Kumbe ulikuwa unakunywa maji. Kisha akaniambia, "Angeniacha akaenda kwake hata kidogo, mimi nisingekuwepo."

Nilikaa kwenye kitanda chake na mashuka mapajani. Niliona haya, kaka. Nilikuwa nimekutaka umwache mtu kama huyu.

Mweleze Kinyozi habari ya ngazi, mchoree hata kwenye vumbi, ataelewa. Halafu wewe kaa palepale ulipo, na mtoe huyo wa zahanati. Mama mwenyewe angekugombeza ukimwacha. Na akipatikana, vyovyote atakavyopatikana, bado nina kaka.

Wamesema huenda wiki ijayo wakanipa nafasi kwenye lori. Nikija nitakunyoa mwenyewe hizo nywele tatu zilizobaki.

Kasuku wako, yule yule mwenye mdomo


Alhamisi, 11 Juni

Kwa mdogo wake Fundi,

Mimi ni mpishi wa shule. Mwanangu, sijui kuzunguka, na nikizunguka nitashindwa kuandika. Kaka yako amefariki. Ni Jumatatu mchana, tarehe nane, nyumbani kwenu. Zege la ngazi lilimwangukia. Tulimtoa saa ile ile lakini alikuwa ameshakwenda.

Kuna jingine ambalo lazima ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Mama yenu alipatikana Alhamisi iliyotangulia, asubuhi. Hakuwa ndani. Alikuwa uani karibu na lango na ndoo mkononi, ukuta ukamwangukia. Daktari alisema hakuteseka. Kinyozi ndiye aliyemtambua, akanijia akiwa amevua kofia.

Unajua sheria yetu, mtu anaambiwa jioni. Jioni ile Fundi alikuwa shimoni sokoni, anaongea na wale wanne. Nikasema nikimwambia sasa mikono itatetemeka, na watakufa watano badala ya mmoja. Nikawaambia wote wanyamaze, nikasema ataambiwa kesho. Kesho yake akatoka nao hai, akaninyanyua mbele za watu na unene wangu huu. Nikasema ale kwanza. Alipokula nikasema alale kwanza. Kila nilipongoja ikazidi kuwa ngumu, maana sasa ningemwambia kifo na uongo kwa pamoja. Na sitaki kujipamba kwako kwamba nilimwonea huruma tu. Zahanati ilikuwa mbele yetu, na katika kundi zima hakuna mwingine aliyejua kuegemeza zege. Nilimhitaji. Mama yenu tulikuwa tumeshamzika nyuma ya shule pamoja na wengine, na mwanawe anapita hapo kila siku kuchota maji.

Jumatatu asubuhi lori lilileta barua yako. Aliisoma mara moja, akaenda moja kwa moja kwa Kinyozi akamwomba aache uani afungue chini ya ngazi. Kinyozi alijua humo hamna mtu. Alitazama chini akasema, "Tutaangalia." Ananiambia Fundi alimtazama usoni, kisha akageuka akaondoka. Nafikiri alielewa kwamba Kinyozi anaficha kitu, akadhani ni uvivu au kinyongo. Mchana, watu walipopanga foleni ya chakula, nilimwona anabeba msumeno na kabari chache. Nguzo zote zilikuwa zahanati. Nilikuwa na upawa mkononi, foleni ni ndefu, nikajisemea anakwenda kunoa msumeno. Tulisikia kishindo kabla sijamaliza sufuria.

Kinyozi alikuwa wa kwanza kufika. Alichimba kwa mikono, akipiga kelele kwamba humo hamna mtu, Fundi, humo hamna mtu.

Yule wa zahanati hatukumpata hai.

Tumemlaza kaka yako kando ya mama yenu. Hilo tuliliweza. Kamati ya mji imeniita. Wanasema ndugu wa marehemu akileta lalamiko nitaondolewa, na ni haki. Katika kundi wapo ambao hawanisikii tena, wamerudi kuchimba kila mtu kwake, na jana kijana mmoja amevunjika mguu. Sikuombi kitu.

Barua yako ya tarehe nane ilifika Jumanne. Niliifungua mimi, nisamehe. Sijamwonyesha mtu. Nimeiweka humu ndani irudi kwako.

Mpishi


Jumatatu, 15 Juni

Mpishi,

Barua yako niliipata Ijumaa. Nimeandika nyingine kadhaa kabla ya hii, nikazichana. Humo nilikuita majina ambayo hata mimi, kwa mdomo wangu huu, sikuwahi kumwita mtu.

Ulimzika mama yangu bila mimi, na bila mwanawe aliyekuwa hapo hapo mjini. Ulimwacha mtu mzima apite kila siku akigeuza shingo kuitazama nyumba tupu. Ulimjazia sahani badala ya kumwambia. Leo siwezi kukusamehe, na sitaki kukudanganya kwamba nimeweza. Uongo umetosha.

Lakini ile barua uliyoifungua inamwambia kaka asahau niliyomwandikia siku iliyotangulia, nawe hukuniuliza nilimwandikia nini. Nafikiri umekisia. Ungeweza kuipeleka kwa kamati ukajitetea nayo, ukanirudishia mimi kosa. Basi nikwambie mwenyewe. Nilimwandikia kwamba Mama yuko chini ya ngazi. Nilimwandikia kwa uhakika, kama niliyemwona, nami nilikuwa mbali nafua mashuka. Nikamwambia asipokwenda yeye mwenyewe, sina kaka. Miaka yote mtu yule hakuwahi kunikatalia kitu, na nilijua hivyo nilipokuwa naandika.

Nimewaandikia kamati. Nimesema sina lalamiko, na kwamba aliyemtuma ni mimi. Usinishukuru. Ijumaa na Jumamosi yote nilikaa na wazo la kukuacha ufukuzwe, na lilikuwa tamu. Ungeondoka na kosa lote kichwani, nami ningebaki dada aliyefiwa, watu wananiletea chai na kunifunika shuka mabegani. Ningelala usingizi. Jana nikapeleka mashuka wodini nikapita kwa yule muuza vitambaa, akaniuliza Fundi hajambo? Nikaweka mashuka kitandani kwake. Nilirudi kufulia, na nikaandika kwa kamati kabla sijabadili mawazo.

Wamenipa nafasi kwenye lori la Jumatano. Usije kunipokea, wala usinipe pole mbele za watu, nitakuaibisha. Nionyeshe walipolala uniache hapo peke yangu. Kinyozi mwambie ninataka kumwona, simjii kwa ubaya, nataka tu mtu aliyechimba kwa mikono yake. Nikitoka hapo nipange kwenye mstari wa ndoo, popote unapotaka, kwa kuwa mimi kwetu hakuna tena wa kumchimba. Nitakutii. Hao waliorudi kuchimba kila mtu kwake nitawaambia mimi wasifanye hivyo, na wakiuliza najuaje, nitawaeleza.

Lakini ile sheria ya pili, Mpishi, ife na aliyeitoa. Mkimpata mtu wa yeyote, aambiwe palepale. Ndoo zisimame.

Dada yake Fundi